Nimonia tisa, TB mbili ambazo hazikuwa TB, na hesabu ndogo ya kutoa

Naandika hii nikiwa nyumbani Ujiji, kifua kimetulia wiki ya saba sasa, na nimeamua nieleze yote kwa urefu maana najua kuna mtu sahivi anakohoa hukohuko aliko, kashaambiwa kila kitu na bado haponi. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha hisabati la tano na la sita, nina miaka 40 na watoto wawili. Hii habari ya nimonia za kujirudia ilianza 2013 nikiwa na 28 na ikaja kujulikana ni nini 2022. Miaka tisa hiyo.

Ya kwanza ilinikuta mwezi wa kumi na mbili, mvua za huku kwetu zimeshika kwelikweli. Homa usiku, kutetemeka mpaka kitanda kinalia, afu kichomi upande wa kulia chini ya mbavu, ukivuta pumzi kama mtu anakuchoma na mkuki. Nikalazwa siku nne nachomwa sindano za powasefu, nikapona, nikarudi darasani, hamna aliyewaza kitu. Nimonia mtu yeyote anaweza kupata si ndio? Shida ni kwamba mwaka uliofuata ikarudi mwezi wa tano, ikarudi tena wa kumi, na upande uleule. Na katikati hapo sikuwa mzima pia, mafua ya usaha wa kijani yanakaa wiki tatu, sikio la kushoto linatoa uchafu kama la mtoto mdogo, na tumbo la kuendesha linaloweza kwenda miezi miwili, nikipima wanasema jadia, wale vijidudu vya tumbo, napewa vidonge vya metronidazo nameza, linatulia, linarudi. Sasa mi nilikuwa nayaona haya ni magonjwa manne tofauti. Sikio naenda kwa mtu wa masikio, tumbo nalaumu maji ya ziwa, kifua nalaumu chaki.

Ah chaki. Kila mtu alisema chaki, mwalimu mkuu, mume wangu, mpaka daktari mmoja akaniandikia nihamishwe kazi ya ofisini kwa sababu ya vumbi la chaki. Wengine wakasema moshi, kwasababu mama yangu mkwe anakamua mawese na mi nilikuwa namsaidia kuchemsha wikendi, na moshi wa ule moto mnaujua nyie mliokulia huku. Moshi kweli haumfai mtu mwenye kifua, sikatai, nimeuacha. Ila wanawake wangapi Ujiji na Mwandiga wanachemsha mawese maisha yao yote na hawalazwi mara mbili kwa mwaka? Hilo swali sikulijua kuliuliza kipindi kile.

Afu kuna lile ambalo hawakusemi usoni. Mtu anakohoa, anakonda, anaharisha, kila saa yuko hospitali, hapa mtaani wanamalizia wenyewe: ana ngoma. Nilipima VVU mara ya kwanza nikiwa nimelazwa, negativu. Nikapima tena na mume wangu, negativu wote. Nimepima kwa miaka ile si chini ya mara saba na kila nikitoka na karatasi nilitamani niibandike mlangoni. Jirani mmoja mtu mzima aliniita akaniambia kwa upole kabisa, mama Zawadi mwanangu dawa siku hizi zipo bure, nenda tu usione aibu. Alinipenda yule mama, ndo alikuwa ananisaidia, na mi nililia nikiwa natoka kwake kwasababu hata nikimwonyesha karatasi hakuna kinachobadilika, bado nakohoa.

2015 wakasema TB. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kutafuta TB, hayakuonyesha kitu ila eksirei ilikuwa na kivuli na kikohozi kimezidi wiki nane, daktari akaona bora aanze tu. Miezi sita, miwili ya mwanzo vidonge vinne kwa pamoja na minne inayofuata viwili, mkojo mwekundu, nilimeza bila kuruka hata siku moja. Na nikapata nafuu! Hii ndo iliyonipoteza. Nilikaa karibia miezi mitano sijaugua, nikaamini kabisa ilikuwa TB. Nimekuja kuelezwa baadae kwamba ile rifampisini iliyomo ndani ya dawa za TB haiui TB peke yake, inaua na bakteria wengine wengi wa kifua, kwahiyo kupona kwangu hakukuwa ushahidi wa TB. Mwaka 2018 nikaanzishwa mara ya pili, makohozi tena hayana kitu, miezi sita mingine. Siwalaumu kwa ubaya, kwa mkoa kama wetu mtu mwenye kikohozi kirefu na kivuli kwenye eksirei unawaza TB kwanza na ni sawa kuwaza hivo, TB inaua. Ninacholaumu ni kwamba mara ya pili hamna aliyekaa chini akauliza kwanini huyu mtu anarudi.

Sasa nieleze daftari, maana bila daftari nisingefika popote.

Mwezi wa pili 2021 nililazwa nikiwekwa oksijeni, kipindi kile kila anayekohoa watu wanakimbia, na nilipotoka nikiwa bado sina nguvu ya kutembea mpaka bombani nikachukua kaunta buku ya shule, nikapiga mistari kama ninavyopigaga ratiba ya mitihani. Tarehe. Ugonjwa gani. Upande gani. Nilichomwa nini siku ngapi. Eksirei ilisemaje. Nikazikusanya kadi zote za hospitali, zingine zimeliwa na panya kona, zingine ziko kwa mama Kasulu, nikaomba mdogo wangu azipige picha anitumie kwa wasapu. Ilinichukua wiki mbili. Nilipomaliza nikahesabu: nimonia tisa ndani ya miaka nane, sita kati yake upande wa kulia chini. Mafua ya usaha sikuweza hata kuyahesabu. Masikio mara kumi na moja. Nilikaa nikiangalia lile daftari, mi mwalimu wa hesabu, na niliona hii si bahati mbaya, bahati mbaya haiji kwa mpangilio hivi.

Nikaenda nalo kwa daktari mmoja kijana hapa Kigoma mjini, hospitali nyingine tofauti na nilizozoea, sikumjua, nilimkuta tu zamu. Nikampa shikamoo zake hapana, ni mdogo kwangu, yeye ndo akaniamkia. Akalichukua daftari akasoma ukurasa kwa ukurasa, foleni nje inalalamika, mi naogopa atanirudishia. Akasema, "Mwalimu, mtu mzima akipata nimonia mbili kwa mwaka mmoja tunatakiwa tujiulize, wewe una tisa na bado hatujajiuliza?" Akaanza maswali ambayo sijawahi kuulizwa. Kisukari? Sina. Selimundu kwenye ukoo? Hamna. Unameza dawa za kifafa, maana kuna za kifafa kama fenitoini na kabamazepini zinaweza kushusha kinga kwa baadhi ya watu? Sijawahi. Umewahi kumeza predinisoloni muda mrefu? Hapana. Miguu inavimba, mkojo unatoa povu? Maana figo zikiwa zinavuja protini na kinga inavuja nayo. Hapana. Akaniuliza na kukonda na tezi na damu kupungua, akisema kuna saratani za damu zinaanza hivohivo kwa nimonia za kujirudia.

Afu akafungua faili langu la vipimo vya zamani. Akakutana na kipimo cha ini cha 2019, ambacho kila mtu alikipita kwasababu ini lilikuwa zima. Akachukua kalamu. Protini yote ya damu 52. Albumini 38. Akaandika pembeni 52 kutoa 38, jibu 14, akapigia duara mara mbili.

Jamani. Hesabu ya darasa la pili. Ilikuwa humo kwenye faili langu miaka miwili.

Akanieleza hivi. Protini zilizomo kwenye damu, ukitoa albumini, zinazobaki zinaitwa globulini, na ndani ya hizo globulini sehemu kubwa ni kingamwili, yaani wale askari ambao mwili unawatengeneza wanaokariri sura ya kila mdudu. Kawaida hiyo tofauti inakuwa kama gramu 20 hadi 35 kwenye lita. Ikiwa chini sana, uwezekano mmojawapo ni kwamba hao askari hawapo. Akasema hii si jibu, ni alama tu, inabidi wapimwe wenyewe kwa majina yao, IgG, IgA na IgM, na hicho kipimo hapa hatuna, nenda Mwanza.

Nauli na bima na ruhusa ya kazini ni hadithi nyingine, naipita. Basi la alfajiri, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, usiku tukavuka kivuko Busisi nimejifunika kitenge mdomo mpaka macho kwasababu ya upepo. Mume wangu alibaki na watoto, nilisindikizwa na shangazi, yeye njia nzima anasali na mimi njia nzima napapasa bahasha ya eksirei isikunjike.

Mwanza daktari bingwa wa kifua akanipiga CT skani kwanza. Ikaonyesha mirija ya hewa upande wa kulia chini imetanuka na kulegea, inaitwa bronkiektasisi, ndo matokeo ya nimonia kurudia palepale. Alinieleza kwamba mirija mizima inasukuma makohozi juu yenyewe, ila ikishalegea makohozi yanatuama kama maji kwenye mfereji uliobomoka, wadudu wanazaliana humo, wanaibomoa zaidi. Ndio maana kivuli hakikuwa kinaisha kwenye eksirei hata nikiwa nimepona, na ndio maana wakaona TB. Damu ikachukuliwa ikasafirishwa kwenda kupimwa, majibu wiki tatu.

IgG yangu ilikuwa gramu 1.9 kwenye lita. Ya mtu mzima inaanzia kama 7 kwenda 16. IgA karibu hamna. IgM chini.

Sasa hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo niliumia kuliko sindano zote. Daktari alikunja mikono mezani akasema, "Mwalimu, una upungufu wa kinga mwilini." Nyie mnaosoma mnajua hayo maneno kwa Kiswahili ni nini. Hayo ndo maneno ya UKIMWI, ndo yaliyokuwa kwenye mabango tukiwa shule. Shangazi akashika kichwa. Mi nikasema daktari nimepima mara saba! Akatambua alichokisema, akavuta kiti akaja upande wetu. Akasema kinga ya mwili si kitu kimoja, ni kama jeshi lina vikosi, VVU vinaua kikosi kimoja, na wapo watu ambao hawana VVU kabisa ila kikosi kingine, cha kutengeneza kingamwili, hakifanyi kazi, wengine wanazaliwa hivo inaonekana utotoni, na wengine kama mimi inajitokeza ukubwani, miaka ya ishirini, thelathini, hata zaidi. Haiambukizi. Si kwa ngono si kwa sahani si kwa kikohozi. Mara nyingi sababu yenyewe ndani ya jeni haionekani hata ukiitafuta.

Akaongeza kitu nikabaki nimeduwaa. Kile kipimo cha haraka cha VVU hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kirusi. Na mimi mwili wangu hautengenezi. Kwahiyo kwa mtu kama mimi, na ni kwa mtu kama mimi tu, wengine wote kipimo kile ni cha kuaminika na mkapime, kwa mimi majibu yale saba hayakutosha, ilibidi nipimwe kirusi chenyewe. Zile siku nne za kusubiri sikula. Ikarudi hakuna kirusi. Shangazi alipiga vigelegele korido nzima, muuguzi mmoja akaja akamshika mkono akamwambia mama taratibu kuna wagonjwa, na yeye mwenyewe anatabasamu.

Huyo daktari ndo alinihadithia kwamba ugonjwa wa namna hii ulianza kueleweka 1952, daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alikuwa na mgonjwa, mtoto wa kiume wa miaka 8 ambaye wale bakteria wa nimonia walikuwa wanamwingia kwenye damu mara kwa mara, walipopima damu wakakuta ile sehemu ya kingamwili haipo kabisa, akaanza kumchoma kingamwili za watu wengine na mtoto akaacha kuugua. Ya yule mtoto ni ya kuzaliwa nayo na ya kwangu ni nyingine, ila tiba wazo lake ni lilelile mpaka leo. Nilivyosikia hivo nilifurahi sana sijui kwanini, kujua tu kuna mtoto alipita hapa kabla yangu.

Tiba sasa. Inaitwa immunoglobulini, inatengenezwa kwa kukusanya utegili wa damu, yaani plazma, wa maelfu ya watu waliojitolea, wanachuja zile kingamwili zao wanaziweka kwenye chupa. Kipimo cha kuanzia kama miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili, kila wiki tatu au nne, maisha yote, kwasababu zinaisha mwilini zinabidi ziongezwe. Nilikuwa na kilo 50. Mara 400, ni gramu 20, chupa za gramu 5 ni chupa nne kila mwezi. Chupa moja peke yake inazidi mshahara wangu. Nilipiga hiyo hesabu kwenye benchi la nje ya famasi, nikairudia nikidhani nimekosea nukta.

Dozi ya kwanza tulichangiwa. Walimu wenzangu, kanisa, msikiti wa mtaani kwetu pia, kaka zangu wakauza ng'ombe, mi nikakopa Sakosi. Iliingia kwa dripu taratibu mno karibia masaa matano, kichwa kiliuma na baridi ikanitetemesha wakapunguza kasi ikaisha. Nilipata dozi nne mwaka ule wa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu 2013 nilipita masika yote sijalazwa. Afu hela zikaisha. Miezi mitatu bila, nikarudi wodini, ya kumi hiyo. Sasa hivi napata moja kila nikiweza, kama kila miezi miwili hivi, daktari anasema wazi haitoshi na mimi najua haitoshi, siwezi kuwadanganya hapa kwamba nimepata ufumbuzi. Hii dawa iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Iko kwenye orodha. Mimi nataka iwe kwenye friji ya hospitali ya mkoa, na nitaendelea kusema mpaka wachoke.

Kwahiyo yale mengine ndo yananibeba, na ndo hasa nilitaka kuwaandikia.

Kubwa la kwanza ni kutoa makohozi, asubuhi na jioni kabla ya kula, nikiugua mara nne. Nilifundishwa na dada wa mazoezi tiba kule Mwanza. Kwakuwa ubovu wangu ni kulia chini, nalalia ubavu wa kushoto, mito miwili chini ya nyonga ili kiuno kiwe juu kuliko kifua, makohozi yashuke kuelekea koo. Navuta pumzi ndefu kwa pua, naishika hesabu ya tatu, naachia, mara nne, afu napumua kawaida nipumzike, afu napuliza kwa nguvu mdomo wazi kama mtu anayetaka kutia ukungu kwenye kioo, haa, haa. Sio kukohoa kwa kujikaza, kukohoa kwa kujikaza kunachosha na hakutoi kitu. Makohozi yanapanda yenyewe mpaka juu ndo unakohoa mara moja unatema. Dakika ishirini. Mwanangu Zawadi ndo ananihesabia, alianza akiwa na miaka saba, akiniona nimeruka hesabu ananirudisha mwanzo. Siku za kwanza nilitoa nusu kikombe cha chai, sahivi kijiko kimoja au viwili. Naangalia rangi, naandika kwenye daftari. Meupe sawa. Yakigeuka kijani na kuongezeka na kunuka, hata kama homa hamna, sisubiri.

Na hapo kwenye kutosubiri tulikubaliana na daktari wa Kigoma, yule kijana, kaniandikia karatasi yenye muhuri inayosema nina tatizo gani, nianzishiwe dawa gani, kwa siku ngapi, kwetu sisi ni siku 14 sio tano, na makohozi yachukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Naitembeza kwenye pochi. Zamani nilikuwa naanza kujieleza upya kwa kila daktari wa zamu saa nane za usiku huku natetemeka, sahivi mume wangu anaitoa tu karatasi.

Naendelea na azithro, miligramu 250 jumatatu jumatano ijumaa. Tafadhali msikimbilie duka la dawa kwasababu mi nimeandika hapa. Kabla hawajanipa walipima makohozi tena wahakikishe hamna TB wala ndugu zake, maana hao ndugu zake ukiwapa hiyo dawa peke yake unawafundisha usugu, wakapima na moyo kwa mashine, na masikio wananiangalia kila nikienda kwasababu inaweza kupunguza kusikia. Ni dawa ya kupewa ukiwa unaangaliwa.

Chanjo. Hii iwasaidie hasa watu wa huku mpakani. Nilikuwa na safari ya Uvira na mwenzangu tukachukue vitenge, na kuingia Kongo wanataka kadi ya homa ya manjano. Niliambiwa nisithubutu, ile chanjo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa mtu mzima wa afya hamna shida na ni nzuri, kwa mwili usio na kingamwili kinaweza kugeuka ugonjwa wenyewe. Safari nikaiacha. Zisizo na wadudu hai kama ya mafua na ya nimonia si hatari kwangu ila mwili wangu hauzijibu vizuri, kwahiyo cha maana ni walionizunguka wachanjwe wao, wasiniletee.

Jikoni nimehamia kwenye gesi, mkaa hapana, na mama mkwe ananiletea mawese yashachemka. Maji tunachemsha yote hata ya kupigia mswaki, na tangu hapo jadia haijarudi. Chaki bado naitumia. Nafuta ubao kwa kitambaa kibichi basi.

Mtaani sikujua nisemeje. Ukisema upungufu wa kinga wanasikia wanachokijua. Ukisema kifua wanasema kale dawa za TB. Mwishoni nilipata maneno kwa mama yangu mzazi, nilikuwa namweleza Kasulu nyumbani kwamba mwili wangu hautengenezi kingamwili, akafikiri kidogo akasema, "Kwahiyo mwanangu nyumba yako ni nzima ila haina mlango." Tangu siku ile ndo nasema hivo, na watu wanaelewa, na yule jirani yangu mtu mzima alikuwa wa kwanza kunitetea kwa wengine.

Kuna jambo moja halijaisha. Daktari aliniuliza kama kuna ndugu wa damu anayeugua kifua au sikio kila saa, maana mara chache inatembea kwenye ukoo. Mdogo wangu wa mwisho yuko Uvinza, anafanya kazi kwenye chumvi, ana miaka 31, mwaka huu kalazwa mara mbili kwa nimonia na wote wanasema ni chumvi. Juzi kanipigia, "Dada nimeanzishwa za TB." Nikamuuliza makohozi yalionyesha? Akasema hayakuonyesha. Nimemwambia asiache kumeza, aendelee kama alivyoelekezwa, ila jumatatu apande basi aje, kipimo cha protini na albumini tutafanya hapahapa Kigoma, na aje na kadi zake zote za hospitali hata zilizochanika. Daftari jipya nimeshalipigia mistari.